Maji Niliyoyasifia

Aliyezikosa sehemu zilizopita asihangaike. Aibu yangu ni nyepesi kuielewa.

Mimi ni mpiga dawa ya magugu. Nabeba bomba mgongoni, naingia shambani kwa mtu, napuliza, naondoka, na baada ya wiki mbili nyasi zimekauka. Ndiyo maana watu walinibandika jina la Kausha. Msimu huu nyasi hazikukauka.

Shamba lenyewe ni la nesi mstaafu, mama mkali ambaye nyasi za ndago na sangari zilikuwa zimemfuata mpaka kizingitini. Nilipiga dawa, nyasi zikastawi. Nikarudia, zikazidi kunawiri kana kwamba nimezitilia mbolea. Aliponibana mbele ya watu, nikasema dawa ni feki. Na dawa hiyo ilinunuliwa kwenye duka la pembejeo la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, tumbo moja.

Wakulima wengine watatu wakajitokeza kusema dawa ya duka lile haikuua hata mchicha. Wakaguzi wakaja, wakachukua chupa za kupeleka maabara, wakafunga mlango kwa utepe na muhuri. Shemeji akamwapia mkewe kwa vichwa vya watoto wao kwamba hajawahi kuuza kitu cha bandia. Dada akatuangalia wote wawili, mume na ndugu, akanichagua mimi. Alifunga mizigo siku ileile, akahamia kwangu na watoto wake wawili.

Niliishia pale mke wangu aliponiwekea birika mbele yangu, tupu, akaniambia nichungulie ndani.

Nikachungulia.

Chini kulikuwa na gamba jeupe, gumu, limeng'ang'ania bati. Mke wangu akachukua kijiko akalikwangua, likatoa sauti ya kukera meno. Alisema birika hilo alilinunua jipya wiki ile tulipoanza kuchota maji ya kisima kipya, kile kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Akaongeza kwamba mche wa sabuni uliokuwa ukimtosha wiki nzima sasa unakwisha kwa siku tatu, na povu halionekani.

Nilimwambia mambo ya birika na sabuni ni ya jikoni, mimi nina msiba wangu.

“Dawa yako unachanganya na maji gani?” akauliza.

“Maji safi.”

“Safi yapi?”

“Ya kisima kipya. Kwani kuna mengine?”

Akafunika birika, akalirudisha jikoni bila neno. Nilikasirika sana. Mke wangu akibishana nami najua bado anafikiri. Akinyamaza, ameshamaliza.

Sasa nikiri jambo ambalo sikulisema wiki zote hizi, kwa sababu lilikuwa linaniuma. Hayo maji niliyasifia mimi.

Miaka miwili nyuma nilihudhuria mafunzo ya wapiga dawa. Tukafundishwa kwamba maji ya tope ni adui, kwamba udongo ulio ndani ya maji huikamata dawa na kuimaliza nguvu. Somo hilo liliniingia kuliko mahubiri. Wenzangu waliendelea kuchota bwawani, mimi nikawa nawacheka. Kisima kipya kilipofunguliwa, maji yanatoka meupe, yanang'aa, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni na madumu yangu. Kila mteja nilimwambia siri ya Kausha ni maji. Kwa nesi nilijaza glasi, nikaiinua juani, nikamwambia aangalie kama ataona hata chembe. Hakuona. Wala mimi sikuona.

Asubuhi nikaenda kwa bibi shamba. Ni mgeni hapa kwetu, hana hata mwaka. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza mbili, mafaili yaliyopangwa sakafuni na mbegu za kila aina ndani ya chupa za soda. Nilikuwa nimeshajiandalia maneno njiani.

“Nina rafiki yangu,” nikaanza. “Naye ni mpiga dawa.”

“Ana bahati,” akasema. “Wengine hawana hata wa kuwasindikiza, yeye ana wa kumsemea.”

Nikajifanya sikuelewa. Nikamweleza kwamba rafiki yangu alipiga dawa mara mbili, nyasi hazikufa. Hakuuliza dawa gani, aliuliza maji. Nikasema ya kisima kipya, masafi kabisa. Akaweka kalamu chini.

Alinieleza taratibu, na mimi nitawaeleza kama alivyonieleza. Maji yanaweza kuwa meupe na bado yamebeba chokaa na chumvi nyingine zilizoyeyuka kutoka kwenye mawe ya huko chini. Jicho halizioni. Hayo ndiyo wanayaita maji magumu. Dawa ya magugu ya aina ile ikikutana na chumvi hizo zinaikamata humohumo ndani ya bomba. Inapofika kwenye jani imeshafungwa, jani haliwezi kuinywa. Ukitaka kuyajua maji hayo, alisema, usiende maabara kwanza. Waulize wafua nguo kama sabuni inatoa povu, halafu uchungulie birika.

Nilihisi jasho likinitoka mgongoni, mahali bomba linapokaa.

“Na rafiki yako,” akaendelea, “anatumia maji mengi au kidogo?”

Hapa lazima niwafungulie siri ya kazi yetu. Mwenye shamba husimama ukingoni kukuangalia. Akiona majani hayadondoshi maji, anaamini umemwibia dawa, na kesho hakuiti. Basi sisi tunalowesha mpaka jani lidondoshe. Nesi alisimama ukingoni siku zote mbili, mikono kiunoni, na dawa iliyopaswa kuchanganywa kwenye mabomba sita niliinyoosha ikafika kumi na mawili. Sikuiba hata tone. Yote iliingia shambani kwake.

“Anatumia mengi,” nikasema. “Anapenda kazi ionekane.”

“Basi kila alipoongeza maji aliongeza chumvi, na dawa ikabaki ileile. Rafiki yako hakupiga dawa, ndugu yangu. Alimwagilia.”

Sikucheka, na yeye hakucheka. Akanipa njia mbili. Atumie maji ya mvua, au kama hana, achukue mbolea ya salfeti ya amonia, aiyeyushe kwenye maji kwanza mpaka iishe, ndipo atie dawa. Mbolea inatangulia kupambana na chumvi, dawa inapita salama. Na maji yawe yale ya kipimo, asiongeze ya kumfurahisha mtu. Alisema hayo ya kipimo yameandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Mimi dawa ile nimeitumia miaka tisa. Nani husoma kibandiko cha chupa aliyoizoea miaka tisa?

Nilipofika mlangoni akaniuliza rafiki yangu alinunua dawa duka gani. Nikasema hajaniambia. Akasema kikao cha kuamua hatima ya duka la shemeji yangu ni Ijumaa ya wiki ya pili, yeye ndiye atakayekiongoza, na majibu ya maabara hayatakuwa yamefika.

Nyumbani nilikuwa na nusu chupa iliyobaki shambani kwa nesi. Dawa ileile niliyoiita feki. Nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, kuna sangari iliyonishinda siku nyingi, si wanasema fundi wa nguo huvaa viraka. Nikafunga kamba, nikagawa vipande vitatu. Cha kwanza nikakipiga kwa maji ya kisima. Cha pili kwa maji ya mvua niliyoyachota kwenye pipa la mke wangu. Cha tatu kwa maji ya kisima yaliyotanguliwa na mbolea. Vyote kipimo kimoja, kama kibandiko kilivyosema.

Dada akatokea mlango wa nyuma akiwa na kikombe cha chai. Akaniuliza ninafanya nini.

“Bomba linavuja,” nikasema. “Nalijaribu.”

Akanikabidhi chai, akanifuta bega kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, na aliyenilea ni yeye, akiwa msichana ambaye bado alistahili kulelewa.

“Usijichoshe, mdogo wangu,” akasema. “Ukweli wako unajulikana.”

Alipoingia ndani niliiweka chai juu ya ukuta, nikarudi kwenye bomba.

Siku kumi zilizofuata sizitamani hata kwa adui. Dada alilala sebuleni na watoto wake kwenye godoro moja, na kila asubuhi alilikunja mapema ili asitubane. Alipika, alifua, alipigana na ile sabuni isiyotoa povu. Sokoni alipokutana na watu waliosema pengine Kausha amekosea, aliwatolea uvivu hadharani. Nilisimuliwa na watu watatu, na kila mmoja alinipongeza kwa kuwa na dada wa namna ile.

Siku ya sita shemeji alikuja. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikabaki hukohuko kama panya. Aliongea na dada mlangoni kwa sauti ya chini. Alimwambia duka lile ana miaka kumi na moja nalo, na kama kweli dawa ile ni ya bandia, basi naye aliuziwa hivyohivyo bila kujua.

“Ndugu yangu hawezi kunidanganya,” dada akamjibu.

Nilisubiri shemeji anitukane. Alichouliza ni kama mtoto mdogo bado anakohoa, akaacha dawa ya kifua juu ya ngazi, akaenda zake.

Ingekuwa rahisi kama angenitukana.

Siku ya kumi nilienda nyuma ya nyumba kabla sijanawa uso. Kipande cha maji ya mvua kilikuwa cha njano tupu. Cha mbolea kimefuatia, majani yamelala. Cha maji ya kisima, maji yangu niliyoyasifia, kilikuwa kijani, kimepauka tu kwenye ncha. Na hicho nilikipiga kwa kipimo sahihi. Kwa nesi nilikuwa nimezidisha maji mara mbili.

Nikakumbuka wale wakulima watatu waliojitokeza kumlaumu shemeji. Wote watatu niliwapigia mimi, kwa madumu yaleyale.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alifika saa ngapi.

“Utamwambia wewe wifi yangu au nimwambie mimi?” akauliza.

Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa. Nikamwambia nataka kusema mbele ya wote, kwa sababu nililiharibu jina la mtu mbele ya wote. Akakubali, ingawa uso wake haukukubali.

Nilimdanganya naye. Ukweli ni kwamba niliogopa. Msimu huu nimepiga mashamba kumi na moja kwa maji ya kisima kile, na kila mwenye shamba angekuja kuniuliza. Lakini hilo nilikuwa tayari kulibeba. Lililonitoa usingizi ni dada. Amemkana mumewe kwa ajili yangu. Siku atakapojua, atakuwa amepoteza mume aliyemkana bure na ndugu aliyemwamini bure. Nikaanza kujidanganya kwamba maabara itasema badala yangu. Majibu yatakuja, dawa itaonekana halali, watu wataulizana, watasahau, na mimi sitakuwa nimefungua mdomo.

Mwoga huenda kwake salama, wahenga walisema. Hawakusema akifika huko anakuta nini.

Ijumaa ukumbi wa ushirika ulijaa mpaka madirishani. Nesi alikaa mstari wa mbele, wale watatu nyuma yake. Bibi shamba alikaa mezani na wakaguzi wawili. Dada alikaa kulia kwangu, mtoto mdogo mapajani na mkubwa pembeni yake. Mke wangu alikataa kukaa nami. Alisimama ukutani upande wa pili, mahali ambapo nikiinua macho lazima nimwone.

Shemeji aliingia peke yake. Mtu huyu nilimjua kwa shati lililonyooka, pasi imepita mpaka kwenye kola. Siku hiyo shati lilikuwa limekunjamana na kifungo kimoja kimeruka tundu lake. Dada aliona, nikamsikia akivuta pumzi.

Niliapa moyoni kwamba nitaongea bibi shamba atakaponiita. Nilikuwa nimeshapanga hata neno la kwanza.

Hakuniita. Kabla hajamaliza kufungua kikao, shemeji alinyoosha mkono akaomba aseme.

“Sitaki kuwapotezea muda,” akasema. “Nakubali. Dawa ilikuwa mbovu. Sikujua, lakini niliyeiuza ni mimi. Nawaomba radhi nyote. Leseni yangu chukueni, duka lifungwe moja kwa moja. Nataka mke wangu na watoto wangu warudi nyumbani, basi.”

Watu walikuja kusikia ugomvi, hawakujiandaa kwa hilo. Nesi alitazama chini, akaanza kukunja na kukunjua kitambaa chake.

“Una hakika na unachokikubali?” bibi shamba akamwuliza. “Majibu ya maabara bado.”

“Nina hakika.”

Macho ya bibi shamba yakapita kwenye viti, mstari kwa mstari, yakafika kwangu yakakaa. Mkaguzi mmoja akatoa karatasi ya kukiri kosa, akaisogeza ukingoni mwa meza pamoja na kalamu. Niliielewa hesabu ya shemeji. Alikuwa amegundua hawezi kushinda mbele ya mkewe akiwa na ukweli, akaamua kujaribu bila ukweli.

Nikasimama. Nawaapia nilisimama.

Dada akanishika mkono akanivuta chini.

“Kaa, mdogo wangu,” akaninong'oneza. “Wewe umeshasema yako. Hili ni langu.”

Nikakaa. Miguu ilinitii upesi kuliko nilivyotaka, na ng'ambo ya ukumbi nilimwona mke wangu akifumba macho.

Dada akasimama yeye. Alimpa mkubwa amshike mdogo, akaiweka sawa kanga yake, akamtazama mumewe.

“Asubuhi hii nimefunga mizigo,” akasema. “Mizigo iko tayari kwenye baraza la ndugu yangu. Siku zote hizi nilikuwa najiuliza, mtu niliyeishi naye miaka kumi na mitatu, ameapa kwa vichwa vya watoto wake, anawezaje kuwa mwongo? Nikaanza kukuamini. Nikasema ndugu yangu ni binadamu, huenda amekosea. Nilikuja hapa nikusikie ukisema tena kwamba hukufanya, halafu nitoke na wewe twende nyumbani.”

Sauti ikamkatika, akaitafuta mpaka akaipata.

“Kumbe ulifanya. Na ulivishika vichwa vya wanangu.”

Shemeji alipiga hatua moja, akasimama. Angesema nini? Akikana sasa, ni mwongo mara ya pili. Alichokitoa kama sadaka ndicho kilichomfungia mlango.

Niliposikia kwamba dada alikuwa tayari kuniona nimekosea, kwamba alikuwa amenisamehe kabla sijaomba, nikazihesabu siku. Siku kumi nzima mlango ulikuwa wazi. Ningesukuma tu.

Dada akamchukua mdogo, akamshika mkubwa mkono, akaanza kutembea kuelekea nje. Watu wakamwachia njia. Shemeji alimfuata kwa macho mpaka katikati ya ukumbi, kisha akageuka mezani akavuta karatasi.

“Dada,” nikaita.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Akasimama mlangoni, akageuka, na ukumbi wote ukageuka kunitazama. Nilikuwa nimesimama tena, na safari hii hapakuwa na wa kunivuta. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, lakini aliponiona akajaribu kutabasamu kwa ajili yangu.

“Twende nyumbani, mdogo wangu,” akasema, akaachia mkono wa mtoto ili aninyooshee mimi.

Nyuma yangu nikaisikia kalamu ya shemeji ikianza kuandika.